MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI: SOMO LA TANGI LA MATUMBAWE

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilidhani hiyo ni methali ya kupambia insha tu, mpaka usiku ule lita 110 za maji ya bahari zilipomwagika katika sebule ya mjomba wangu, Mombasa. Na aliyechora ramani ya mabomba ni mimi! Kaa kitako nikueleze, kisha tupige hesabu pamoja.

Matangi mawili
Mjomba alitaka tangi kubwa la kioo lenye samaki wa rangi na matumbawe hai. Kumbuka kuwa tumbawe si jiwe wala ua, ni mnyama. Linataka maji yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo, joto la digrii 25 hivi, mwanga wa kutosha, na maji yanayotembea usiku na mchana. Maji yakituama, hewa hupungua na uchafu hujaa.

Kwa hiyo huwekwa matangi mawili. La juu ni la kutazamwa. La chini hufichwa kabatini, na humo mna vichujio, kipasha joto na pampu. Maji ya juu yakifika ukingoni huteremka yenyewe kwa paipu pana hadi chini. Pampu nayo huyarudisha juu kwa paipu nyingine. Ni mzunguko tu, kama damu na moyo.

Uzito
Tangi la juu lilikuwa na urefu wa sentimita 200, upana 60, na kina cha maji 60. Zidisha: sentimita za ujazo 720,000, yaani lita 720. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, basi maji peke yake ni kilo 738. Ongeza kioo, mawe na kabati, unakaribia tani moja. Huo si mzigo wa kuweka ghorofani bila kumuuliza mtu anayejua sakafu ile ilijengwaje. Sisi tulikuwa ghorofa ya pili na hatukumuuliza mtu.

Kosa langu
Paipu ya kurudisha maji ilikuwa ikipiga kelele, chubwi chubwi, kwa sababu mdomo wake ulikuwa karibu na uso wa maji. Nikamwambia fundi, "Ishushe sentimita 15 chini ya maji." Kelele ikaisha. Mjomba akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Usiku stima ikapotea. Pampu ikazima. Je, umewahi kumwona dereva akifyonza petroli kwa mpira? Akishaivuta mara moja, inaendelea kutiririka yenyewe mradi mwisho wa mpira uko chini. Paipu yetu ilifanya vivyo hivyo: ilirudisha maji chini kupitia pampu, na haikukoma mpaka mdomo wake ulipopata hewa.

Hesabu yake ni hii. 200 × 60 × 15 ni 180,000, yaani lita 180. Maji ya ndani ya mapaipu ni lita 10. Jumla ni 190. Tangi la chini lilikuwa la lita 160, nalo tayari lilikuwa na lita 80. Nafasi ni 80 tu! Toa 80 katika 190, unapata 110. Hizo ndizo zilizoenda sakafuni, na kutoka sakafuni zikadondoka hadi kwa jirani wa chini, juu ya kitanda cha mwanawe.

Stima iliporudi alfajiri, mambo yakazidi. Tangi la juu lilihitaji lita 190 ili lijae, na chini zilikuwa 160. Pampu ikamaliza maji yote, ikazunguka pakavu, ikaungua. Tulipoteza samaki watatu. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, si wewe unasoma fizikia?" Ningependelea kofi.

Dawa yake
1. Mdomo wa paipu ya kurudisha uwe karibu na uso wa maji. Ukiwa sentimita 5 chini, zitashuka lita 60 na zile 10. Jumla 70, na nafasi ni 80. Salama.
2. Toboa tundu dogo kwenye paipu hiyo, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka, tundu huingiza hewa na mvuto hukatika. Lisafishe mara kwa mara, maana konokono au mwani huliziba.
3. Usitegemee vali ya kuzuia maji yasirudi. Chembe moja ya mchanga yatosha kuiacha wazi.
4. Weka paipu ya pili ya kuteremshia maji, ya dharura. Ya kwanza ikiziba, tangi la juu halitafurika.
5. Tumia paipu za plastiki. Shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono.
6. Waya wa stima uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni, lisiingie soketini.
7. Jaribu kwanza kwa maji ya mfereji, kabla ya kutia chumvi na viumbe. Zima pampu kwa makusudi, tazama, kisha iwashe tena.

Sisi hatukulifanya hata hilo la saba, ambalo lingetuchukua dakika kumi.

Siku hizi mjomba anakaa nyumba ya chini, na tangi linafanya kazi. Jirani tulimwomba radhi na kumnunulia godoro jipya.

Zoezi
Tangi la juu lina urefu wa sentimita 150 na upana 50. Mdomo wa paipu uko sentimita 4 chini ya uso wa maji. Mapaipu yana lita 8. Tangi la chini ni la lita 120, na kwa kawaida huwa na lita 85. Stima ikipotea, je, sakafu italowa? Ukijibu hapana, rudia hesabu kabla hujamwita fundi.