Kuchota Kutoka Ghala la Mbali: Hitilafu za Git na Namna ya Kuzitafuta

Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru akiamka akakuta mfereji wake umekauka, hang'oi migomba yake ili apande upya. Hushika jembe na kuufuata mfereji kuelekea juu, mpaka afike mahali ambapo maji bado yanatiririka. Baina ya hapo na pale pakavu ndipo kilipo kizuizi: pengine ni mawe yaliyoporomoka, pengine ni jirani aliyegeuza maji kabla ya zamu yake kufika. Makala haya yanahusu mfereji wa namna nyingine, ambao wanafunzi wetu wa somo la kompyuta wanazidi kuutegemea, na ambao ukikauka wengi wao hukimbilia kung'oa migomba.

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi iandikwayo katika kompyuta. Iliundwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya waandishi wa mfumo wa Linux, na sasa hutumiwa duniani kote. Kila mara mwandishi anapoiagiza, huhifadhi hali ya mafaili yote ilivyo wakati ule, pamoja na jina la aliyefanya badiliko, tarehe na maelezo mafupi. Wanafunzi wanaoshirikiana katika kazi moja huweka ghala la pamoja kwenye seva ya mbali, kama zile za GitHub, na kila mmoja huwa na ghala lake kamili katika kompyuta yake. Atakaye kujua wenzake wamefanya nini hutoa amri git fetch, ambayo hapa tutaiita kuchota. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuchota hakugusi mafaili unayoyaandika. Huleta tu mabadiliko ya wenzako na kuyaweka kando, mpaka wewe mwenyewe uamue kuyaunganisha. Kwa sababu hiyo, kuchota kukishindikana, kazi yako haijapata dhara lolote.

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024 nilikuwa mgeni katika shule moja ya sekondari iliyo juu ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Vijana watatu wa kidato cha tano walikuwa wakiandika programu ya kuweka hesabu za mvua inayopimwa shuleni hapo. Mmoja wao alijaribu kuchota tangu asubuhi, akapata kosa kila mara. Akaamua kwamba ghala lake limeharibika, akaifuta folda yote, akaanza kulinakili upya kutoka kwenye seva. Nakala haikufika hata robo. Ndani ya folda ile mlikuwa na kazi ya wiki mbili ambayo alikuwa hajaituma kwenye seva. Kumbe kizuizi hakikuwa shuleni, wala Arusha, wala Tanzania. Siku moja kabla yake, Jumapili tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki ukazorota kwa siku nyingi. Ghala la kijana yule lilikuwa zima kabisa hadi dakika ile aliyolifuta.

Kosa linaloandikwa na mashine lina faida yake, kwani hueleza ombi lako lilifika wapi kabla ya kukwama. Kwa hiyo hapana budi lisomwe, ingawa limeandikwa kwa Kiingereza.

Safari ya ombi huanza kwa kutafuta jina. Kompyuta haijui GitHub iko wapi. Huuliza daftari la majina la mtandao ili ipewe namba ya seva. Ukisoma maneno "Could not resolve host", maana yake jina halikupatikana, na ombi halijatoka hata uani. Tazama kama bando limekwisha, kama waya umechomoka, au kama anwani imekosewa. Amri git remote -v itakuonyesha anwani uliyoiandika. Jina likipatikana, ombi husafiri mpaka kwenye mlango wa seva. Milango hiyo ina namba: 22 kwa njia ya SSH, 443 kwa njia ya HTTPS. Shule na ofisi nyingi huufunga mlango wa 22 kwa ajili ya usalama, na hapo utangoja mpaka uandikiwe "Connection timed out". Jaribu anwani ya HTTPS. Tena, ukiunganisha kompyuta na simu ya mwalimu na amri ile ile ikafaulu, umekwisha kujua kwamba kizuizi kimo katika mtandao wa shule.

Baada ya mlango kuna kutambuana, na hapa mitego ni mingi. Katika njia ya HTTPS seva hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta nyingi za shule ni kuukuu. Betri ndogo inayotunza saa imekufa, na kila umeme ukatikapo tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2010 itaikataa hati ya seva kwa kusema haijaanza kutumika. Nimemwona mwalimu akibadilisha waya, kisha modemu, kisha akaipigia simu kampuni ya mtandao, na tatizo lote lilikuwa saa. Itazame mapema, haigharimu hata shilingi. Wapo wanaoshauri kuzima ukaguzi wa hati ili kazi iendelee. Ushauri huo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Katika njia ya SSH, kompyuta hukumbuka ufunguo wa seva iliyowahi kuizuru, na ukibadilika hupiga kelele na kukataa kuendelea. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa aina ya RSA, baada ya sehemu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi katika ghala la wazi, na watumiaji wengi duniani wakakutana na onyo hilo. Onyo la namna hii lisipuuzwe wala lisifutwe kwa haraka. Kwanza linganisha alama ya ufunguo mpya na ile iliyotangazwa na wenye seva. Zikilingana, ondoa ufunguo wa zamani.

Kisha ni zamu yako kujitambulisha. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena nywila ya kawaida kwa kazi za Git. Hutaka tokeni au ufunguo wa SSH, jambo ambalo vitabu vya zamani havilisemi. Liko pia kosa moja lenye hila, "Repository not found", yaani ghala halikupatikana. Huenda kweli jina limekosewa. Lakini seva hutoa jibu hilo hilo kwa mtu asiye na ruhusa ya kuingia katika ghala la faragha, ili asijue hata kama lipo. Mwulize mwenye ghala kama amekuandikisha.

Lililosalia ni kukatika njiani, kwa maneno kama "early EOF". Ombi lilifika, likapokelewa, mzigo ukaanza kuja, mfereji ukapasuka. Ubaya ni kwamba Git haiendelei pale ilipokomea; huanza mzigo ule upya, na bando linateketea. Kwa mtandao dhaifu, chota tawi moja moja, kwa mfano git fetch origin main. Ikiwa unanakili ghala kwa mara ya kwanza, tumia git clone --depth=1 upate toleo la mwisho tu, kisha uongeze historia kidogo kidogo kwa git fetch --deepen=50. Kila kipande kilichokamilika hubaki kwako.

Na seva isipofikika kabisa, wenzako wangali na maghala kamili. Amri git bundle create kazi.bundle --all hufunga ghala zima katika furushi la faili moja, linaloweza kubebwa kwa flashi hadi kompyuta nyingine na kuchotwa humo kama kutoka kwenye seva. Ndivyo tulivyofanya siku ile. Kijana alipata ghala la wenzake kabla ya chakula cha mchana, ila zile wiki mbili aliziandika upya.

Zoezi. Kwa ghala la majaribio, na kompyuta isiyo na kazi ya mtu, fanya mambo haya moja baada ya jingine, ukirudisha hali ya awali kila mara: chomoa waya wa mtandao, kosea herufi moja katika jina la ghala, rudisha tarehe ya kompyuta hadi mwaka 2010. Kila mara toa amri git fetch, nakili kosa lilivyo, na ueleze ombi lilifika wapi.