Kupanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Hisani: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kufika Langoni



Kamati za sharika kadhaa zimetuomba mwongozo wa kuandaa safari ya hisani ya Mlima Kilimanjaro, ambapo vijana wetu na wageni hupanda pamoja na watu huahidi fedha kwa ajili ya kisima au darasa. Wazo ni jema. Lakini mlima huu una urefu wa mita 5,895, na pale Uhuru mtu hupata karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa pwani. Kwa hiyo somo la robo hii linahusu mipango inayofanywa mezani, miezi kadhaa kabla ya safari.

Tuanze na idadi ya siku, maana hapo ndipo kamati nyingi hutaka kubana matumizi. Njia ya Marangu hupita Mandara (mita 2,700 hivi), Horombo (3,700) na Kibo (4,700). Madaktari hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kati ya mahali unapolala leo na utakapolala kesho. Hapa kila kituo kinaongeza mita elfu moja! Ndiyo maana tunasisitiza siku sita badala ya tano: siku ya ziada mnakaa Horombo, mnatembea kuelekea Mawenzi, kisha mnarudi kulala palepale. Siku hiyo ina gharama ya kiingilio, chakula na posho, lakini isikatwe kwenye bajeti. Afadhali kupunguza idadi ya wapandaji.

Kila mpandaji apimwe afya mapema. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande, na hata aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu azungumze kwanza na daktari, kwani bandama lake linaweza kudhurika mahali palipo juu sana. Hali kadhalika wajawazito na wenye maradhi ya moyo. Wapo wanaotumia asetazolamaidi kusaidia mwili kuzoea. Itolewe na daktari, hasa kwa mwenye aleji ya dawa za salfa. Wako pia vijana wanaodhani kuwa kuzaliwa chini ya mlima ni kinga. Si kinga. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na anayelala huko huugua sawa na mgeni wa Ulaya.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zitakapokwisha. Zikizidi, ateremshwe. Anayehema hata akiwa amekaa, anayekohoa mapovu, aliyechanganyikiwa, au anayepepesuka akiambiwa atembee kisigino kikigusa kidole, huyo ateremshwe saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, tena asiachwe peke yake. Mwenye homa naye asihesabiwe tu kuwa ni mlima: yawezekana alipanda na malaria kutoka nyumbani.

Sasa tuseme jambo ambalo wafadhili wetu huenda hawajalifikiria. Zipo ahadi za aina hii: “Nitatoa akifika Uhuru.” Kijana aliyebeba ahadi kama hiyo, akiumwa kichwa pale Kibo saa sita usiku, atamficha mwongozaji. Mbele yake kuna mita karibu 1,200 za kupanda gizani kwenye baridi, na nyuma yake kuna darasa lisiloezekwa. Tunaomba ahadi zifungwe na siku za kutembea, au zitolewe kabla ya safari, na fomu iseme wazi kwamba mwongozaji mkuu akiamua mtu arudi, hakuna shilingi itakayopungua. Kiongozi wa msafara, hata akiwa mchungaji, asiupinge uamuzi huo.

Wapagazi nao wamo katika usalama huu. Kabla ya kutia sahihi na kampuni, kamati iulize: mizigo inapimwa? Wana viatu, makoti ya mvua na mahali pakavu pa kulala? Wanalipwa kiasi gani, lini, na je, wanakula mara ngapi kwa siku? Kampuni yenye bei ya chini kupita zote mara nyingi imepunguza hapo.

Kuhusu majira, epukeni masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na mvua za Novemba. Mavazi ya joto hupatikana kwenye mitumba kwa bei nafuu, ila pamba haifai kuvaliwa mwilini kwa sababu ikilowa haikauki. Viatu vipya vivaliwe wiki kadhaa kabla.

Maswali ya kujadili katika kikao: Nani katika msafara wenu ana mamlaka ya kusema “tunarudi”? Fedha ya kumteremsha mgonjwa na kumfikisha hospitali iko katika fungu gani la bajeti? Na fomu zenu za ahadi zinasemaje kuhusu atakayeishia Horombo?