Wakrete Wote?

Jumapili iliyopita tulisoma Tito 1:12, pale Paulo anamnukuu Mkrete akiwaita watu wake waongo. Baada ya ibada ndugu mmoja akaniuliza, "Pasta, huo si ukabila?"

Rudi mstari wa 5. Tito aliachwa Krete aweke wazee kila mji. Angewatoa wapi? Kwa Wakrete hao hao! Ila kila mmoja apimwe: nyumba yake, hasira yake, mambo yake ya pesa.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba wastani wa kundi haukuambii kama mteja aliye mbele yako atalipa deni. Lakini mwaka jana kwenye kamati, dada mmoja alipopendekezwa awe mweka hazina, nilisema, eti kwa utani, "Watu wa kwao na pesa, si mnawajua?" Watu wakacheka, jina likaondolewa. Hakuna aliyeuliza kuhusu chama ambacho amekitunzia hesabu miaka 9. Ukabila wangu ulikuwa hapo: nilimhukumu kwa kabila kabla ya kumpima. Ningesema "ni mwanamke," ingekuwa dhambi ileile.

Jumanne nilienda kumwomba msamaha. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Na kamati umewaambia?"

Bado. Tunakutana Alhamisi.