Maji ya Zizi na Maji ya Kisima

Ninyi wenye ng'ombe wa maziwa kando ya Kolwezi, sikilizeni somo hili. Ng'ombe mkubwa wa asili ya Ulaya, akilala zizini, hutoa mavi na mikojo kilo 40 na kupita kila siku. Ukiongeza maji ya kuoshea sakafu, hesabu lita 50. Ng'ombe wanne, lita 200. Zitakwenda wapi? Wengi huchimba mtaro mdogo nyuma ya zizi, na maji yale meusi hupotea katika udongo. Husema, yamekwisha. Hayakwisha. Yamekwenda chini, na chini ndiko tunakoteka maji ya kunywa.

Katika inchi yetu hatari hii ni kubwa kwa sababu mbili. Mto Musonoi ulipokea matope ya viwanda vya shaba kwa miaka mingi, kwa hiyo watu wengi wanategemea visima. Tena, chini ya udongo mwekundu, pahali pengi kuna mawe ya dolomiti yenye nyufa. Udongo mzuri huchuja maji polepole; ufa hauchuji kitu.

Vijidudu vya mavi huleta kuhara, nao hufa maji yakichemka. Lakini mikojo ikioza katika udongo hugeuka nitrati, chumvi isiyo na rangi wala harufu. Mama akichemsha maji yenye nitrati, haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, damu yake hushindwa kuchukua hewa, midomo inakuwa ya buluu, naye aweza kufa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: miligramu 50 katika lita moja, isizidi.

Basi chimba shimo la kuwekea. Usilichimbe katika dembo, maana mwisho wa masika maji ya chini hukaribia juu. Liwe upande wa chini wa mteremko kuliko kisima, na mbali nacho metro 30 au zaidi. Udongo wa kichuguu, ule tunaofyatulia matofali, wafaa sana: ulowanishe kidogo, uutandike chini na kandokando, uushindilie kwa gogo tabaka kwa tabaka. Mwenye simenti ajenge kwa matofali na kupaka. Ezeka nyasi juu, mvua isilijaze, kisha weka ua. Mtoto akitumbukia hatoki.

Ukubwa gani? Tangu mwezi wa 5 hata wa 9 ni kipwa, yapata siku 150. Lita 200 kila siku ni lita 30.000: shimo la metro 5 kwa 3, kwenda chini metro 2. Lizidishe kidogo, lisifurike.

Wako wanaomwaga yote mwezi wa 9 katika shamba tupu, ili mvua iyazamishe. Ni kweli itayazamisha, hata kupita pahali pa mizizi, kwa kuwa mihindi haijaota. Ngoja mihindi ifike magotini. Chagua siku isiyo na wingu zito, mwaga katikati ya mistari, ufunike kwa jembe mara moja. Ndoo ya lita 10 yatosha pahali pa metro 2 kwa 2, mara moja kwa mwaka. Karibu na kisima usimwage kabisa. Acha metro 50.

Sasa fanya hesabu. Kwa kipimo hicho hektari moja hunywa lita 25.000. Ng'ombe wanne kwa mwaka hutoa lita 73.000, yaani kazi ya hektari tatu kasoro kidogo. Mwenye nusu hektari afanye nini? Asimwage mara sita pale pale, maana kilichozidi haja ya mihindi ndicho kiendacho kisimani. Ampe jirani asiye na ng'ombe. Naye jirani alete mabua makavu ya kutandika zizini: mabua hunywa mikojo, na shimo halijai upesi.