MADA: KUREJESHA PATISHENI ZILIZOPOTEA KATIKA LINUX

Maana. Patisheni ni sehemu ya diski iliyotengwa ili itumike kama diski inayojitegemea. Mwanzo na ukubwa wa kila patisheni huandikwa katika jedwali la patisheni. Katika mfumo wa MBR, jedwali limo katika sekta ya kwanza yenye baiti 512: baiti 446 za programu ya kuwashia, 64 za jedwali (nafasi 4, kila moja baiti 16) na 2 za alama ya mwisho. Mfumo wa GPT huweka pia nakala ya jedwali mwishoni mwa diski.

Kumbuka hivi. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapitia Tabora hadi Ujiji. Kiongozi akipoteza orodha ya vituo, Tabora haihami. Vivyo hivyo, jedwali likifutika, faili bado zipo. Iliyopotea ni orodha ya mahali zilipo.

Swali. Mwanafunzi wa Tabora alirekodi wazee wakisimulia habari za wapagazi. Sauti hizo hazina nakala nyingine. Alipoanza kuweka Linux mpya alifuta jedwali la patisheni kwa makosa, akasimama hapo. Eleza hatua za kuziokoa.

Jibu.
1. Asiandike chochote kwenye diski hiyo wala asiifomati. Data mpya ikiandikwa juu ya ya zamani, ya zamani hairudi.
2. Awashe kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi.
3. Anakili diski nzima kwenye diski nyingine kubwa zaidi, kwa programu ya ddrescue.
4. Aendeshe TestDisk kwenye nakala. Programu hii hupekua sekta ikitafuta alama za mwanzo wa mifumo ya faili.
5. Afungue orodha ya faili za patisheni iliyopatikana. Akiziona sauti, azinakili kwanza mahali pengine.
6. Ndipo aandike jedwali jipya, awashe upya na kukagua.

Kosa la kuepuka. Kuandika jedwali kabla ya kukagua faili. TestDisk inaweza kuonyesha pia patisheni za zamani zilizokwisha kufutwa.

Zoezi. Patisheni inaanza sekta ya 2,048 na ina sekta 41,943,040, kila moja baiti 512. Tafuta (a) umbali wa mwanzo wake kutoka mwanzo wa diski kwa baiti. (B) ukubwa wake.

Majibu. (a) 2,048 × 512 = baiti 1,048,576. (b) 41,943,040 × 512 = baiti 21,474,836,480, yaani gigabaiti 20 (gigabaiti 1 = baiti 1,073,741,824).