Kiyoyozi cha Dirishani: Pimeni Kabla ya Kununua



Hapa Mamboleo, chumba cha mabati kisicho na silingi huwa kama tanuri ifikapo saa nane mchana. Kikundi chenye ofisi ndogo hutamani kiyoyozi. Lakini pesa ni za wanachama wote, basi tusikimbilie.

1. Anzeni na paa. Wekeni silingi, mapazia na kivuli cha mti. Pengine hayo yatatosha.

2. Pimeni chumba. Cha mita 3 kwa 4 chahitaji BTU 5,000 hadi 6,000 hivi. Mashine kubwa mno hupoza upesi na kujizima kabla ya kuondoa unyevu wa hewa ya ziwa.

3. Someni kibandiko. Stima yetu ni volti 240. Mashine ya volti 110 itaungua.

4. Hesabuni tokeni. Wati 500 kwa saa 8 ni yuniti 4 kwa siku.

5. Mgongo wa mashine ukae nje, umeinama kidogo, maji yadondokee huko. Chumba kikifungwa, msiwashe jiko la makaa ndani. Hewa yake huua.

Jadilianeni: Mwezi wa kwanza kila mtu hutoa kwa furaha. Je, tokeni za mwezi wa sita atalipa nani?