Somo kwa Vyama vya Msingi: Breki za Magari ya Milimani na Chuma Kilichogandishwa

Barabara ya kwenda Lutindi, katika Wilaya ya Korogwe, hupanda kutoka tambarare ya mto Pangani hadi kwenye vilima vya Usambara. Kwa njia za namna hiyo hushuka majani ya chai na mazao ya bustani, na hupanda saruji, mbolea na chakula. Hupita pia wagonjwa na ndugu zao waendao katika hospitali ya Lutindi, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kama makao ya watumwa walioachwa huru, na baadaye pakawa pa kutunzia wagonjwa wa akili. Gari la chama lishukapo mteremko huo hubeba mali ya wanachama na roho za watu. Kwa hiyo suala la breki si la dereva na fundi peke yao. Ni suala la Kamati na la Mkutano Mkuu.

Katika miaka hii vyama vingine huletewa habari za diski na ngoma za breki zilizogandishwa kwa baridi kali mno, ambazo husemwa kwamba hudumu muda mrefu kuliko za kawaida. Bei yake ni kubwa zaidi. Je, chama kinunue? Somo hili linaeleza mambo ambayo Katibu anapaswa kuyafahamu kabla ya kuidhinisha malipo.

1. Breki hufanya kazi gani?

Breki haiondoi mwendo wa gari bure. Huugeuza kuwa joto. Tuchukue mfano wa lori lenye uzito wa tani 10 linaloshuka kimo cha mita 800. Nguvu inayopasa kuzuiliwa katika safari hiyo ni kiasi cha juli milioni 78. Joto la kiasi hicho laweza kuchemsha lita 250 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25 za sentigredi, yaani pipa moja lililojaa pamoja na ndoo mbili na nusu. Kama dereva hatumii injini kulizuia gari, sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika vyuma vichache vilivyomo ndani ya magurudumu.

Ngoma ikipata joto sana hupanuka na kujitenga na viatu vya breki, hata pedali ikazama zaidi. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki, hasa yale ya zamani yaliyokwisha kufyonza unyevu, huweza kuchemka. Mvuke ukiingia katika mabomba, pedali hukanyagika kama sifongo na gari halisimami.

2. Kugandisha chuma ni nini?

Nitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ikipozwa sana huwa kimiminika, nacho huchemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wameiona: ndiyo iliyomo katika mitungi ya kuhifadhia mbegu za madume, kama zile zitolewazo na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha.

Katika viwanda, chuma hupozwa polepole kwa baridi ya nitrojeni hiyo, huachwa katika baridi kwa saa nyingi, kisha hurudishwa polepole katika hali ya kawaida. Mara nyingi hupashwa moto kidogo baada ya hapo. Kwa vifaa vya chuma cha pua kilichokwisha kukazwa kwa moto, kama vile keekee na visu vya mashine, faida yake inaeleweka: sehemu za chuma zilizobaki laini hugeuka kuwa ngumu, na chembe ndogo ngumu hujitokeza ndani yake.

Lakini diski na ngoma nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho kwa kawaida hakina sehemu nyingi laini za kugeuzwa. Kwa sababu hiyo matokeo ya majaribio yake hutofautiana: mengine yameonyesha uchakavu umepungua, mengine hayakuonyesha tofauti kubwa. Aidha, kugandisha hakuongezi uzito wa diski, kwa hiyo hakuiwezeshi kubeba joto zaidi kwa kiasi cha maana. Diski iliyogandishwa huweza kuchakaa polepole. Haiwezi kulisimamisha lori ambalo mafuta yake ya breki yamechemka.

3. Hesabu ya Katibu

Tuseme jozi ya kawaida inagharimu shilingi 200,000 na hudumu kilometa 40,000. Gharama yake ni shilingi 5 kwa kilometa. Iliyogandishwa ikiuzwa shilingi 300,000, sharti ipite kilometa 60,000 ndipo chama kianze kupata faida. Bei hizi ni za mfano tu. Kila chama kiweke zake. Bila daftari la gari lenye tarehe, kilometa na unene wa diski kwa milimita, hakuna atakayejua kama fedha za wanachama zilitumika vema. Kipimo cha mwisho cha uchakavu mara nyingi huandikwa juu ya diski au ngoma yenyewe, kisivukwe.

4. Mambo yasiyofanywa

Fundi asijaribu kutumbukiza ngoma katika nitrojeni ya mifugo. Baridi ya ghafla huweza kupasua chuma, kimiminika hicho huunguza ngozi, na mvuke wake katika chumba kilichofungwa hufukuza hewa na kuua mtu bila harufu wala dalili. Vilevile asimwagie maji breki zenye moto. Ufa mdogo hauonekani siku ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa ngoma hauzibiki.

5. Yaliyo ya kwanza

Kabla ya kununua chuma cha bei, chama kihakikishe haya: gari lishuke kwa gia ndogo, kwa kawaida ile ambayo lingepandia, dereva asiweke gia huru kwa kisingizio cha kubana mafuta, mzigo usizidi uzito ulioidhinishwa, mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati, na breki za magurudumu mawili ya ekseli moja zitengenezwe pamoja. Haya hayahitaji kiwanda, nayo hulinda maisha katika safari ya leo. Chama kilichoyatimiza na chenye daftari safi chaweza kujaribu diski zilizogandishwa kwa gari moja, kikapima, kikaamua.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Gari la chama chetu lilibadilishwa mafuta ya breki lini, na imeandikwa wapi?
2. Je, dereva analipwa au kusifiwa kwa namna inayomfanya ashuke kwa haraka?
3. Nani mwenye mamlaka ya kulizuia gari lisiondoke iwapo breki ni mbovu, hata kama mazao yanaharibika?

Chama kisichoweza kujibu swali la tatu kilijibu kabla ya safari ijayo.